Barakoa Isiyofuliwa

Wifi yangu hunawa mikono kuliko daktari. Hunawa kabla ya kuingia chumba cha mbegu, hunawa tena akiwa ndani, kisha hujipaka spiriti hadi kwenye viwiko, na ole wako umsemeshe mlango ukiwa wazi. Siku ya kwanza nilipoingia mle na viatu vyangu vya dukani, alinishika mkono akanitoa nje bila kusema neno. Mimi ni dada wa mumewe, na mtaa mzima unajua nina ulimi mrefu, lakini siku ile nilivua viatu nikaufyata.

Watu wa sokoni humwita Mama Chupa. Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha wageni; nimewahi kulala mle. Sasa dirisha limefunikwa kwa nailoni iliyobandikwa pembe zote, kuta zimepakwa chokaa, kitanda kimetolewa, na rafu zimejaa chupa za glasi, zile za jemu na za kahawa, zenye mtama uliochemshwa. Chupa ikiwa na afya, utando mweupe hutambaa juu ya mtama mpaka usione punje hata moja. Utando huo ndio wanaouita mbegu za uyoga. Si mbegu kabisa, lakini neno limeshazoeleka, na mimi sina nguvu ya kugombana na soko zima.

Aliyetuletea mambo haya ni marehemu kaka yangu. Alikuwa fundi bomba. Siku moja aliitwa kwenye nyumba fulani kuziba bomba linalovuja uani, akakuta maji yamelowesha kisiki cha mti uliokatwa zamani, na kisiki chote kimevaa uyoga wa kijivu unaoelekea bluu, wenye ukingo mwembamba mweupe. Alichuchumaa akautazama mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kulikoni. Kaka alipong'amua kwamba akiziba bomba kisiki kitakauka, alisema kipuri hakipatikani mjini, akaondoka na kishada kimoja ndani ya mfuko wa zana. Yule bwana akakanyaga matope uani kwake mpaka kaka aliporidhika. Tangu hapo tukamwita kaka Kisiki, na jina likamganda hadi kaburini.

Hakuwa mjinga wa kula kitu asichokijua. Kishada alikipeleka chuo cha kilimo, kwa mama mmoja anayefundisha mambo ya kuvu, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Mwalimu alimwambia huo ni uyoga wa kuliwa, tena mzuri, kisha akamwonyesha jinsi ya kupasua shina kwa mikono bila kugusa ndani, kunyofoa kipande kidogo cha nyama yake kwa ncha ya kisu iliyopitishwa motoni, na kukiweka kwenye chupa yenye jeli ya viazi na sukari. Kipande kile kikaota nyuzi. Kilichoota hakikuwa mtoto wa ule uyoga wa kisiki. Kilikuwa ni ule ule, mwili mmoja unaoendelea kuishi mahali pengine, kama unavyokata tawi la mhogo ukalipanda. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotutoa machozi baadaye.

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu halina hata nafasi ya kugeuka, lakini kaka aliligeuza darasa. Mteja anasubiri zipu, yeye anamweleza kwamba uyoga tunaouona ni tunda tu, na kwamba mwili wenyewe ni nyuzi zilizojificha ndani ya gogo au chini ya udongo. Anamweleza kwamba kuvu si mmea wala mnyama, kwamba hauna mdomo wala tumbo, bali hutema maji yake makali juu ya chakula kwanza, kisha hunyonya kilichoyeyuka. Mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni la harusi aliondoka na kichefuchefu. Nilimtolea kaka uvivu siku ile, nikamwambia akitaka kuhubiri atafute uwanja. Alicheka akaendelea na habari za hamira na ukungu wa mkate, kwamba wote ni ukoo mmoja na uyoga wake.

Alichopenda zaidi kusimulia ni kazi ya kuvu porini. Alisema kuna wanaojishika na mizizi ya miti hai, wakaipa maji na chumvi za ardhini, nayo miti ikawapa sukari, na hakuna anayemdhulumu mwenzake. Wa kwake hakuwa wa aina hiyo. Wa kwake alikuwa mla wafu, aliyeweza kuvunja mbao ngumu ambazo hata mchwa huzitafuna kwa shida, na kuzirudisha kuwa udongo. Alisema kama si hao, misitu yote ingekuwa imezikwa chini ya magogo yake yenyewe. Na kweli, kile kisiki cha mwanzo kililiwa chote. Mwenye nyumba alipanda maua pale pale, nayo yalistawi sana.

Wifi alikuwa mpishi katika shule ya bweni, mwanamke wa masufuria makubwa na moto wa kuni. Aliacha kazi ile wakaingia kwenye uyoga wawili pamoja, na waligawana kazi bila hata kuketi kikao. Yeye alishika usafi: kuchemsha mtama, kupika majani makavu na magunzi kwa mvuke ndani ya pipa, kuhamisha nyuzi kutoka chupa hadi chupa. Kaka alishika banda la nyuma, lenye giza na unyevu, ambamo mifuko iliyojazwa majani na mbegu ilining'inia kwa kamba kutoka darini, na vishada vikitokeza kwenye matundu. Yeye hakuruhusiwa kuingia chumba cha chupa, maana alikuwa mchafu kwa asili. Wifi naye hakupenda banda. Walionana jikoni, wakataniana mpaka mimi nikachoka kuwasikia.

Uyoga ule huvunwa kofia ikiwa bado changa, ukingo wake umejikunja chini. Ukiuacha, kofia hufunguka, na kutoka kwenye vile vipande vyembamba vilivyopangana chini yake kama kurasa, hutoka vumbi jeupe. Hilo ndilo linalozaa. Kaka hakuweza kuvumilia kuvuna vyote. Kila msimu aliacha vishada kadhaa vifunguke hadi vikawa vipana kama sahani, akasimama mlangoni mwa banda jua likiingia, akatazama vumbi likipanda kama moshi. Wifi alimwambia ni hasara, sokoni hawataki uyoga uliokomaa. Kaka alisema hata kiumbe kisicho na macho kina haki ya kupata watoto. Basi vumbi likatanda kwenye mifuko, kwenye boriti, kwenye kofia yake. Alikuwa akija dukani na nyusi nyeupe.

Halafu kikaja kikohozi. Mwanzoni tulisema ni mafua. Kila jioni aliyotoka bandani alipata homa na kifua kikabana. Akisafiri kwa kazi ya mabomba, anapona. Daktari ndiye aliyeunganisha mambo hayo, na alimweleza vizuri kabisa: kifua chake kimelikataa lile vumbi, na kila akilivuta mapafu yanazidi kukakamaa. Aache banda. Kama hataki kuacha, asiingie bila barakoa, ingawa bora aache.

Hakuacha. Kaka yangu alikuwa mbishi tangu tumbo la mama. Nilimshonea barakoa kwa mabaki ya kitambaa kizito cha suruali, buluu iliyokolea, safu tatu, yenye kamba ndefu za kufunga kisogoni kwa sababu kichwa chake kilikuwa kikubwa. Nilimpima kwa utepe wangu, nikamwambia kwa kichwa kile angekuwa waziri. Aliivaa, naam, lakini kidevuni. Akisikia hatua za mkewe, anaipandisha, zikipita, anaishusha. Nilimkuta hivyo zaidi ya mara moja nikagomba, naye akanyanyua mabega.

Alifia hospitalini, mchana kweupe, wagonjwa wengine wakila. Mikono yake ilikuwa na mipira na sindano, kwa hiyo wifi alishika miguu. Mimi nilikuwa upande wa kichwani.

Baada ya mazishi nilikusanya nguo zake nikazifua zote, maana mtu lazima afanye kazi hiyo. Wifi alinipa kila kitu bila kubisha: mashati, ovaroli, hata ile kofia. Nilipoulizia barakoa alisema hajui ilipo. Alijua. Aliitoa kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda, akaitia kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko mgumu, akaliweka juu ya kabati chumbani. Niliona siku moja nilipopanda kigoda kutafuta kamba, nikamuuliza kuna nini ndani. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimekuwa cheupe kwa vumbi, na alipolifungua lile kopo kidogo nilisikia harufu ya kaka yangu, ile ya jasho na majani mabichi na sabuni ya kufulia. Alifunga haraka ili isitoke. Tangu siku hiyo sikuulizia tena.

Banda halikufungwa. Wifi aliajiri mama wa jirani wa kuvuna, akatoa amri moja tu, kwamba hakuna uyoga utakaofunguka kofia nyumbani kwake. Walivuna vichanga kabisa, vidogo kama vifungo vya koti. Wanunuzi walilalamika, yeye akatia pamba masikioni. Kwa miaka yote iliyofuata hakuna vumbi lililotoka mle ndani, na nilimwona akipitisha kidole kwenye boriti kuhakikisha.

Ile mbegu ya kisiki ndiyo iliyokuwa roho yake. Alikuwa na chupa moja aliyoitenga kwenye rafu ya juu, ambamo zote nyingine zilitoka. Kila ilipojaa alinyofoa kipande akakipeleka chupa mpya, kisha ya baadaye, kisha nyingine. Kwa kuwa ni mwili ule ule, kitu kile kile ambacho kaka alikichuchumalia siku ya bomba, wifi alikihesabu kuwa ndicho kilichobaki cha mumewe. Hakulitangaza hilo. Lakini nilimsikia akiiambia chupa habari za bei ya sokoni, na habari zangu pia, kwamba nimenenepa. Nilitaka kumcheka. Nilikwenda uani nikalia, maana na mimi nilikuwa nikiona wivu.

Mwalimu alikuja mara mbili kumshauri. Alisema mbegu ikihamishwa chupa hadi chupa pasipo kupumzika huchoka, na kwamba chuo kina jokofu ambamo nakala moja inaweza kulala ikisubiri, bila gharama yoyote. Alizungumza kwa adabu, akikaa kwenye kigoda cha jikoni na kunywa chai yetu. Wifi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mume wangu hakai kwa watu," alisema.

Mwalimu akanitazama mimi. Nikamwongezea chai.

Uchovu ulianza polepole. Utando uliokuwa ukijaza chupa kwa siku chache ulianza kujivuta, ukawa mwembamba, ukatoa matone ya manjano kama unatoka jasho. Mifuko ilichelewa. Na panapokuwa na udhaifu, ukungu wa kijani hauhitaji kualikwa. Uliingia kwenye mifuko mmoja baada ya mwingine, na wifi akabeba mifuko hiyo nje kwa mikono yake, akaifukia. Alibadilisha mtama, akabadilisha magunzi, akachemsha pipa mara mbili. Alidhani amekosa usafi, akawa ananawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Uyoga uliotoka mwishoni ulikuwa vilema, mashina matupu yaliyogawanyika, yasiyo na kofia wala zile kurasa chini yake.

Siku aliyoniomba nimsindikize chuoni ndipo nilipojua maji yamemfika shingoni. Alibeba chupa ya rafu ya juu kifuani, ndani ya kanga, njia nzima. Pale chuoni Mwalimu alitupeleka kwenye chumba cheupe chenye harufu ya spiriti, akachukua kipande, akakiweka chini ya hadubini, akakichunguza. Kisha akasema ukweli. Mbegu imezeeka, nyuzi zake zinakufa zenyewe, na hakuna chakula wala usafi utakaoirudisha. Wifi hakuuliza ingekuwaje kama angekubali lile jokofu. Nilimwona akilitazama lilipo pembeni, likinguruma, na nikajua anajiuliza.

Dawa ingekuwa vumbi, Mwalimu alisema. Uyoga ukitoa vumbi, huanza upya; uzee wa mzazi mara nyingi haupiti kwa watoto. Lakini vilema vile havina pa kutolea vumbi, na miaka yote hii kila kofia ilikatwa kabla haijafunguka. Akafikiri, akiwa bado ameshika chupa.

"Kuna kitu chochote cha wakati ule?" aliuliza. "Kitu kilichokuwa bandani, kikakaa pakavu, hakijafuliwa wala kufutwa?"

Nilikumbuka kopo la biskuti. Wifi hakunitazama na mimi sikumtazama.

Ni wifi aliyesema kipo. Halafu akauliza swali moja.

"Ukikiloweka, harufu itabaki?"

Mwalimu hakujua tunazungumzia nini, lakini nadhani alielewa. Alisema hapana, haitabaki. Na akaongeza kwamba hata hivyo hana uhakika. Vumbi la zamani kiasi kile huenda limekufa lote, na wifi anaweza kupoteza vyote viwili.

Tulirudi nyumbani. Nilijua sina haki ya kutoa ushauri, ingawa nilitaka. Nilitaka kumwambia asithubutu. Barakoa ile niliishona mimi, kichwa kile nilikipima mimi, na yule alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wa mtu. Lakini nilikumbuka pia chupa zile zikitoa jasho la manjano. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulimshtua kuliko maneno.

Kwa siku kadhaa hakugusa kazi. Kisha asubuhi moja alinitumia mtu kuniita. Nilimkuta ameketi kitandani, kopo liko mapajani, bado limefungwa. Aliniambia nikae. Alifungua, akaitoa barakoa kwa ncha za vidole ili vumbi lisimwagike, akainama akavuta pumzi. Kisha akanikabidhi. Sikutegemea kwamba angenikabidhi. Harufu ilikuwa imefifia lakini ilikuwepo, jasho na majani na sabuni, na nilimwona kaka akisimama mlangoni mwa duka langu na nyusi zake nyeupe, akimzuia mteja asipite. Tulilia wote wawili kwa sauti, bila aibu, mpaka mama wa jirani akaja kutazama kuna nini.

Tulipochoka alisema kwamba kaka aliacha vile vishada vifunguke kwa makusudi. Akasema amekuwa akimkasirikia kwa jambo hilo tangu siku ya hospitali. Angevivuna kama alivyomwambia, angekuwa hai. Nikamwambia na mimi nimekuwa nikimkasirikia, na kwamba kumkasirikia marehemu ni kazi ya kuchosha, maana hajibu.

"Basi aende akazae," wifi akasema, na akaifunga barakoa ndani ya karatasi safi.

Mwalimu aliiloweka mbele yetu katika maji yaliyochemshwa na kupozwa. Maji yakawa na ukungu wa maziwa. Aliyapunguza, akayadondosha kwenye vyombo vidogo vya jeli iliyotiwa dawa ya kuzuia vijidudu, akaandika tarehe juu ya vifuniko. Kitambaa chenyewe alikikamua, akakitia kwenye mfuko, akamrudishia wifi. Kilikuwa cha buluu tena.

Vyombo vingi viliota ukungu wa kijani na mweusi, kila aina ya takataka ambayo banda linaweza kumpaka mtu usoni. Wifi alikwenda kila walipomruhusu, akasimama nyuma ya Mwalimu na mikono yake mgongoni. Alikuwa ameshakata tamaa, nami nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumpa pole, ndipo Mwalimu akaonyesha kwenye chombo kimoja alama nyeupe ndogo kuliko kichwa cha pini. Kisha nyingine kwenye chombo kingine. Kwa jumla zilikuwa chache mno, lakini zilikuwa hai.

Mwalimu alituambia zile hazitoshi bado. Kila chembe ya vumbi huota uzi mwembamba ulio peke yake, na uzi wa namna hiyo unaweza kutambaa maisha yake yote usitoe uyoga. Lazima ukutane na mwingine. Hawana dume na jike kama sisi. Wana aina nyingi sana, na wa aina moja hawakubaliani. Wakikubaliana huungana, na hapo viini viwili, cha huyu na cha yule, huishi ndani ya chumba kimoja bila kuchanganyika, vikigawanyika pamoja na kutembea pamoja miaka na miaka. Huchanganyika mara moja tu, ndani ya zile kurasa chini ya kofia, na papo hapo hutengana kuwa vumbi. Nilimwambia wifi kwamba hiyo ni ndoa yake na kaka kabisa, yeye chumba chake na mwenziwe banda lake. Hakucheka. Aliuliza swali alilokuwa nalo moyoni toka mwanzo.

"Kwa hiyo si yeye."

"Ni wa kwake," Mwalimu akajibu. "Si yeye."

Wale wa vyomboni walipangwa wawili wawili, na waliokubaliana wakapewa mtama. Mbio walizokwenda zilinishangaza hata mimi; chupa zilijaa kabla hujageuka, nyeupe pe. Wifi alijaza mifuko akaining'iniza bandani kwa mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Uyoga ulipochipua aliniita dukani nikaacha mteja na koti la upande mmoja. Mifuko mingine ilikuwa na uyoga wa kahawia, mingine mweupe kama karatasi, mingine kijivu cha majivu. Alipita mfuko hadi mfuko, akainua kila kishada kwa kidole, akitafuta ile bluu yenye ukingo mweupe. Alipofika mwisho akarudia kuanzia mwanzo. Hakuuona. Alikaa chini kwenye sakafu yenye maji, na mimi nikakaa karibu naye, gauni langu zuri likaharibika, na safari hii hakulia, alitazama tu.

Chupa ya rafu ya juu ilikufa wiki hiyo hiyo. Utando uligeuka maji. Tulikwenda kwenye ile nyumba ya zamani, tukamwomba mwenye nyumba ruhusa, naye alimkumbuka fundi bomba wa uongo. Wifi alimwaga mtama ule kwenye udongo wa maua, pale kilipokuwa kisiki, akaufunika kwa mkono. Aliosha chupa kwenye bomba la uani, ambalo sasa halivuji.

Baadaye alimpelekea Mwalimu nakala za mbegu mpya kwa hiari yake, zikalale jokofuni. Na ameacha vishada viwili vya kijivu vifunguke. Alikuja kuniambia hilo dukani, kama mtu anayetoa taarifa ya ugonjwa. Alisema Mwalimu anataka vumbi lake liwekwe, na kwamba hawezi kumwachia mama wa jirani aingie mle bila kinga. Ataingia mwenyewe.

Kisha akatoa barakoa kutoka mkobani akaiweka juu ya cherehani. Imefuliwa, imepigwa pasi. Niliinusa kabla sijajizuia, nikapata sabuni tupu.

Akavuta kiti, akakaa, akanigeuzia kisogo na kushika nywele zake juu ili nimpime.

"Zipunguze hizo kamba, wifi," akasema. "Mimi kichwa changu ni kidogo."

Nilizungusha utepe. Nikachukua mkasi, nikakata kamba nilizozipima kwenye kichwa cha kaka yangu, nikakunja ncha zake nikazishona upya.